Mheshimiwa wa jana aitwe nani leo?

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeshika maikrofoni kwenye hafla ya madrasa moja hapa Lamu, mkononi nina orodha ya wageni niliyoandikiwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, na nilipofika jina la nne nikalisoma lilivyo: Mzee fulani bin fulani. Mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia ya viua kichwani, bakora mapajani. Hakuinuka. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akatazama dari. Kijana mmoja akaja mbio mpaka mezani, akaninong'oneza, "Sema Diwani. Yule ni Diwani." Nikasema Diwani. Hapo bakora ikagonga sakafu, mzee akasimama, akapunga mkono, na ukumbi ukampigia makofi.

Mzee huyo mara ya mwisho kukaa kwenye kiti cha udiwani ilikuwa kabla ya 2013, wakati Lamu ina baraza la kaunti lenye mwenyekiti, na Malindi ina baraza la mji lenye meya. Mabaraza hayo yalikufa na uchaguzi wa mwaka huo, ugatuzi ulipoingia na serikali 47 za kaunti. Kiti alichokalia hakipo tena. Jina limebaki.

Dakika kumi baadaye nikaingia shimo la pili. Kwenye orodha kulikuwa na mwakilishi wa wadi aliye kazini na mwenzake aliyeshindwa naye uchaguzini, wote wawili nimeandikiwa "Mhe." Nikawataja wote hivyo hivyo. Nyuma ya ukumbi sauti ikauliza, si kwa kunong'ona, "Mheshimiwa yupi?" Na mwingine akamjibu kwa methali ambayo kila mtu wa pwani anaijua: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Watu wakacheka. Aliyeshindwa naye akacheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili, na naona linatatanisha kwa sababu tunachanganya vitu vitatu vinavyofanana kwa mbali: jina la ujuzi, jina la heshima, na jina la kiti.

La kwanza ndilo jepesi. Nahodha aliyeendesha majahazi miaka thelathini, akashuka kwa sababu macho hayaoni tena nyota, bado ni Nahodha. Hakuna mtu Lamu atakayekwenda barazani kumwambia, "wewe sasa ni nahodha wa zamani." Unahodha uko kichwani na mikononi mwake, na hakuna aliyempigia kura ili aupate. Hali ni hiyo hiyo kwa fundi, kwa maalim, kwa daktari na profesa. Aliyekwenda Makka ni Haji mpaka siku ya kufa. Sharifu amezaliwa sharifu. Majina haya hayana muhula, na kuyahoji ni utovu wa adabu tu.

Jina la kiti ni kitu kingine kabisa. Gavana, mbunge, waziri, rais: hapa mtu amekabidhiwa kazi ya watu kwa muda. Na watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa tofauti hii na mtu wa Nairobi, kwa kuwa waliijua kabla Nairobi haijawa mji. Angalia siwa, lile baragumu kubwa la kupulizwa. Kuna ile ya pembe ya ndovu ya Pate, na kuna ile ya shaba ya Lamu, zote mbili leo ni mali ya makumbusho. Siwa ilikuwa ikivuzwa wakati wa kutawazwa mtawala na kwenye harusi kubwa za waungwana. Sauti yake ndiyo iliyotangaza kwamba jambo hili lina baraka ya mji. Lakini siwa ilikuwa ya mji. Ilitoka mahali pake, ikafanya kazi yake, ikarudi. Mtawala alikufa au akapinduliwa, siwa ikabaki ikimngoja mwingine.

Baada ya watawala wa Pate na wazee wa Yumbe, baraza lililotawala Lamu, wakaja maliwali, waliokaa kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar na baadaye chini ya jicho la Mwingereza. Liwali lilikuwa jina la kazi. Lakini Mwingereza alikuwa na mtindo wake mwingine: baadhi ya wakubwa wa pwani aliwapa heshima ya ushujaa wa kifalme, wakawa wanaitwa Sir. Mombasa mpaka leo wazee watakutajia Sir Ali bin Salim na Sir Mbarak Ali Hinawy, wote waliokuwa maliwali. Hapo utaona vitu viwili ndani ya mtu mmoja. Uliwali ulikuwa wa kiti, ukitoka unamwachia mwingine. Usir, jina la heshima, ulikuwa wake yeye, unakwenda naye kaburini. Hakuna aliyechanganyikiwa.

Mkanganyiko mzuri zaidi, na unaotuhusu sisi hasa, ni wa Sultani Jamshid bin Abdullah. Alikalia kiti Julai 1963. Wakati huo ukanda wa pwani wa maili kumi, Lamu na Malindi ndani yake, kwa maandishi ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar. Oktoba mwaka huo huo mkataba ukatiwa saini London, ukanda ukaingia Kenya. Januari 1964 mapinduzi yakamtoa Zanzibar kwenyewe. Akaishi Uingereza miongo kadhaa, akahamia Oman 2020, akafa huko mwishoni mwa Desemba 2024. Alitawala miezi. Aliitwa Sultani miaka sitini. Hakuna hazina iliyomlipa kwa jina hilo, wala mtu aliyemwogopa kwalo, na waliomwita hivyo walimwita kwa mazoea na kwa adabu. Swali ni kama tungeliona hivyo hivyo iwapo angekuwa amebaki Forodhani, Zanzibar, anaingia ofisini kwa watu na kusema, "Mimi ni Sultani, niharakishieni."

Sasa hili neno lenyewe, Mheshimiwa. Wengi wanadhani limeandikwa mahali kwenye sheria. Katiba ya Kenya ya 2010 imetaja Rais, Gavana, Seneta, Mbunge, lakini mtu aitwe Mheshimiwa haikumwambia mtu. Neno limetoka bungeni, ambako wajumbe hutajana hivyo ili hata wakitukanana watukanane kwa nidhamu, na kutoka huko likateremka mpaka kwenye mikutano ya hadhara, mpaka kwenye matanga, mpaka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ambako limefupishwa likawa "Mhesh". Kisarufi lenyewe linasema mengi. Mheshimiwa ni mwenye kuheshimiwa: lazima awepo anayeheshimu. Mtu hawezi kujiheshimiwa.

Magavana wakaona Mheshimiwa haitoshi. Zikaanza kubandikwa zile herufi H.E. (His Excellency) mbele ya majina yao, ambazo kwa Kiswahili tungelazimika kusema Mtukufu. Mwaka 2014 mswada wa itifaki na majina ya vyeo ukafikishwa bungeni, moja ya shabaha zake ikiwa kuwavua magavana herufi hizo, na mwaka huo kukawa pia na vita vya bendera, nani aruhusiwe kuipeperusha kwenye gari. (Kisiwani Lamu mjadala wa bendera ya gari tuliusikiliza kwa raha zetu. Vichochoro vyetu vinapitisha punda.) Herufi zile mpaka leo utaziona kwenye mabango. Mimi, nakiri, neno Mtukufu linanikwama kooni kwa sababu nyingine. Hapa kwetu kuna Kurani tukufu na kuna mwezi mtukufu. Enzi za Moi lilitumika kila jioni kwenye taarifa ya habari, "Mtukufu Rais", na sikumbuki kama kuna aliyelililia lilipopungua baada ya 2002.

Idadi nayo inachangia. Kaunti ya Lamu ni ndogo, lakini kila uchaguzi inatoa gavana na naibu wake, seneta, mwakilishi wa wanawake, wabunge wawili wa Mashariki na Magharibi, na wawakilishi wa wadi 10. Hao ni watu 16, bila kuhesabu wa kuteuliwa. Nchi nzima wadi ni 1,450. Kila miaka mitano kundi jingine linaingia na jingine linatoka, na kama jina halivuliwi, baada ya chaguzi chache mji mdogo kama huu utakuwa na waheshimiwa wengi kuliko viti vya mstari wa mbele. Nimewahi kupanga viti hivyo, najua ninachosema.

Kiswahili kimeshatupa vifaa vya kutatua tatizo hili, tena vikali kuliko vya lugha nyingi. Tatizo ni kwamba tunavitumia ovyo.

Kuna mstaafu. Neno staafu lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni kuomba kuachiliwa kazi. Kwa hiyo ndani ya mstaafu kuna mtu aliyemaliza na akatoka kwa mlango wa mbele. Rais aliyemaliza mihula yake ni rais mstaafu, jaji aliyefika umri ni jaji mstaafu, kanali ni kanali mstaafu. Lakini mbunge aliyepigwa chini kwenye sanduku la kura hakustaafu. Alistaafishwa, na waliomstaafisha ni sisi. Huyo ni mbunge wa zamani. Nikisoma "mbunge mstaafu" kwenye kadi ya mwaliko ya mtu aliyeshindwa, ambaye tena keshaanza kutafuta kura za uchaguzi ujao, huwa natabasamu peke yangu.

Kisha kuna aliyekuwa, ambalo ndilo neno safi kuliko yote: halisifu, halilaumu. Na kuna yale ya kuuma: aliyejiuzulu, aliyefutwa, aliyebanduliwa. Wenzetu Tanzania walilijua hili vizuri kwa Edward Lowassa. Alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, na tangu hapo mpaka alipofariki Februari 2024 ungeweza kujua msimamo wa mwandishi kwa neno moja tu: mmoja aliandika Waziri Mkuu mstaafu, mwingine wa zamani, mwingine aliyejiuzulu. Mtu ni yule yule. Kwetu Kenya, Rigathi Gachagua alipoondolewa na Seneti Oktoba 2024, neno mstaafu halikumkaa, maana hakustaafu, na magazeti yakakimbilia "aliyekuwa naibu rais", kwa kuwa ndiyo njia ya kusema ukweli bila kuingia kwenye ugomvi.

Lamu yenyewe imetoa mfano ambao huwa nautumia kila mtu anaponiambia kwamba haya ni mambo madogo. Issa Timamy alikuwa gavana wa kwanza, 2013 mpaka 2017. Akashindwa na Fahim Twaha. Mwaka 2022 akarudi kwenye kiti. Sasa fikiria ile miaka mitano ya katikati. Kama kila mtu aliyewahi kuwa Gavana anaendelea kuitwa Gavana, basi kaunti yenye wadi 10 ilikuwa na magavana wawili kwa wakati mmoja, na wawili hao wameshindana juzi. Mtu akiingia ofisini kusema "Gavana kasema", karani aandike nini? Mstaafu nalo lisingefaa, maana mstaafu harudi kugombea. Gavana wa zamani ndilo jina lililobeba ukweli wote, na lilimwacha mlango wazi wa kurudi bila kumtoa mwingine kwenye kiti. Tangu 2022 mambo yamegeuka, na wa zamani ni yule mwingine.

Ukivuka bahari utakuta ugomvi ni huu huu. Marekani ilipoanza, 1789, kamati ya Seneti ilipendekeza George Washington aitwe kwa jina refu lenye "Mtukufu" na "Mlinzi wa Uhuru wao" ndani yake. Baraza la wawakilishi likakataa, likasema Rais wa Marekani inatosha. Makamu wake John Adams, aliyekuwa shabiki mkubwa wa majina makubwa, akaishia kubandikwa jina la utani la kumcheka unene wake: Mtukufu Mviringo, tungesema. Washington mwenyewe alipotoka madarakani watu walimwita Jenerali, cheo chake cha vita. Adabu ya zamani ya kule ilikuwa kwamba cheo ambacho mtu mmoja tu anakishika kwa wakati hakibebwi na aliyetoka. Siku hizi wameilegeza, wanaitana Rais hata miaka ishirini baadaye. Na mwanawe yule Adams, John Quincy, alipomaliza urais akagombea ubunge, akaingia bungeni 1831 akakaa huko mpaka alipokufa 1848. Sijui sisi tungemwitaje kwenye orodha ya wageni. Kanada wao wameamua kwa kuandika: waziri mkuu, gavana mkuu na jaji mkuu wanabaki na heshima yao ya maisha, lakini mbunge wa kawaida hapewi. Unaweza usikubaliane na mstari walipouchora, ila angalau wameuchora.

Sisi tumeuchora kwa pesa, si kwa majina. Moi alipong'atuka 2002, mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya mafao ya marais wastaafu: pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wa rais aliye kazini, pamoja na magari, ofisi na walinzi. Lakini sheria hiyo hiyo ina mwiba ambao wengi hawausomi. Inasema rais mstaafu asishike wadhifa katika chama cha siasa baada ya miezi sita tangu aondoke, na ndiyo sababu Uhuru Kenyatta na chama cha Jubilee walizua mjadala mrefu baada ya 2022. Kwa hiyo "rais mstaafu" ni jina lenye mkataba nyuma yake: unapewa kitu, unaacha kitu. Wabunge wa zamani hawana mwiba kama huo. Walijaribu kupata malipo: mswada wa 2019 ulitaka waliohudumu kati ya 1984 na 2001 wapewe shilingi 100,000 kila mwezi, bunge likaupitisha na Rais akakataa kuutia saini. Majina nayo hakuna aliyeyagusa, kwa kuwa hayana bei.

Au yana? Hapa ndipo mimi na wale wanaosema "mwacheni mzee aitwe anavyopenda" tunapoachana njia.

Barazani, namwacha. Mtu akikaa Mkunguni chini ya mti, mbele ya ngome, na kahawa ya tangawizi mkononi, mwite Diwani, mwite Mheshimiwa, mwite Sultani ukitaka. Hiyo ni adabu, na adabu ni ya anayeitoa. Pia kuna wema ndani yake, kwa kuwa mtu aliyeshindwa uchaguzi katika mji ambao kila mtu anamjua anahitaji namna ya kupita kichochoroni bila kuona aibu. Lakini jina lile lile likiondoka barazani likaingia kwenye barua ya kuomba kipande cha ardhi, au kwenye simu ya saa nne usiku kwa mkuu wa kituo, au kwenye foleni ya hospitali ambapo kina mama wamekaa tangu alfajiri na watoto mgongoni, hapo linageuka kuwa kitu cha kufungulia mlango. Kuna siku nilikuwa kwenye foleni kama hiyo, ofisi siitaji. Akaja mtu na kijana wake mbele akisema, "Pisheni Mheshimiwa." Tukapisha. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba mtu huyo hakuwa na wadhifa wowote kwa mwaka wa tatu. Nilijikasirikia mwenyewe, maana nilimjua vizuri na miguu ilisogea kabla ya kichwa.

Sheria ina la kusema, ingawa si mengi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 105, inamfanya mkosaji mtu anayejifanya mtumishi wa umma na kutenda jambo kwa kujifanya huko. Kuitwa tu si kosa, kosa ni kutenda. Kwa hiyo aliyesogezewa foleni hakuvunja kifungu chochote, sisi ndio tuliomsogezea. Na kwa wanaotaka heshima ya kudumu, nchi imeshawatengenezea mlango wake: Rais hutunuku nishani kwa niaba ya wananchi, na ndizo zile herufi EGH, CBS na nyinginezo zinazofuata jina. Hizo ni za mtu, kama usir wa Mbarak Ali Hinawy. Hazimwambii karani kwamba aliye mbele yake ana amri.

Wana-TANU walikuwa na ahadi yao, na mzee yeyote wa Tanzania atakusomea bila kutazama: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Nusu ya kwanza hunukuliwa sana. Mimi hunivutia yale maneno ya kati, wala cha mtu mwingine, kwa sababu baada ya uchaguzi cheo cha jana ni cha mtu mwingine. Na aliyeongoza chama hicho, alipoachia urais 1985, hakuwa na haja ya kung'ang'ania jina lolote la Ikulu. Alikuwa na lake la darasani, Mwalimu, alilokuja nalo na akaondoka nalo.

Mwaka huu madrasa ile ile wakanipa maikrofoni tena. Safari hii sikungoja ukumbini. Siku mbili kabla nilikwenda na karatasi yangu nyumbani kwa yule mzee wa bakora, nikampa kalamu, nikamwambia nataka kila mgeni aandikwe sawasawa, wa sasa kwa cheo chake na wa zamani kwa neno "aliyekuwa". Akavaa miwani. Akaisoma orodha polepole kutoka juu, akitikisa kichwa kukubali. Kwa aliyeshindwa uchaguzi wa wadi akaandika "aliyekuwa" kwa mkono wake, akalipigia mstari. Kwa mbunge wa zamani, hivyo hivyo. Kwa aliyewahi kuwa katibu wa kitu fulani akauliza, "Huyu naye yumo? Aliyekuwa." Kisha akafika kwenye jina lake. Akanyamaza kidogo, akanirudishia kalamu.

"Hapa," akasema, "andika ulivyosema mwaka jana. Ile mara ya mwisho."